Mawe Chini ya Minazi ya Shangazi Yako

Mtoni, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Zuhura,

Salamu nazifupisha, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia ukibishana na mama yako juu ya sanduku. Habari zangu unazo. Nimechoka na nimekasirika, kama unavyonijua, ila leo sijakasirika na wewe.

Nianze na lililo kubwa, usije ukasoma kurasa zote hizi roho juu. Kesho alfajiri unapanda gari la Tanga kwenda kusomea uuguzi kama tulivyopanga. Husubiri Jumatatu, wala huendi mahakamani. Aliyoyasema karani wa wakili leo mchana hapa barazani yaache, nitayabeba mwenyewe. Mama yako nimeshamwambia. Alisema "Alhamdulillahi" akaendelea kupiga pasi nguo zako, hata hakuuliza sababu. Nadhani miaka yote hii alikuwa anangoja tu nichoke.

Ya sabuni, ya sala, ya kutopokea kitu kwa mtu usiyemjua njiani, hayo mama yako amekwisha kukuambia na atakuambia tena kesho dirishani gari likiwa linaondoka. Sitayarudia. Mimi nataka kukueleza habari ya kesi, kwa sababu umekua nayo ndani ya nyumba kama watoto wengine wanavyokua na paka, na sijawahi kukaa chini nikakwambia ilivyoanza. Sasa unakwenda kukaa kwa yule yule niliyemshitaki. Nisipokwambia mimi, utaambiwa na Tanga nzima.

Watu wa hapa Mtoni wamekwisha kucheka sana juu ya hili. Tangu uko darasa la kwanza, shangazi yako Tatu akiitwa mahakamani hufunga safari kutoka kwa mumewe Tanga, hushuka Kariakoo, na huja moja kwa moja hapa. Mshitakiwa hulala kwa mshitaki. Alale wapi tena, na ana kaka mmoja tu Dar es Salaam nzima? Huja na machungwa, mama yako hupika pilau, na kesi haitajwi mpaka tumalize kula. Wewe ulipokuwa mdogo uliniuliza kama kesi huja baada ya Idi kubwa au Idi ndogo. Nilikufukuza barazani.

Asubuhi yake tulikuwa tunatoka pamoja, mimi na kanzu yangu, yeye na buibui lake na kikapu. Mkalimani alituona siku moja tumekaa benchi moja akatuambia wadaiwa wakae upande wa pili. Tatu akahama. Mahakama ilipopumzika akavuka akaniletea mkate wa kumimina na chai kwenye chupa, maana anajua tumbo langu halistahimili njaa. Karani wa wakili, huyu huyu Elia unayemjua, akanikuta natafuna.

"Mzee Kondo," akasema, "unakula chakula cha mpinzani wako?"

"Ni dada yangu huyu."

"Sasa mnagombea nini?"

Lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika kesi ile. Mimi nilimwomba Tatu kipande kingine.

Tunagombea mawe, Zuhura. Babu yako alipofariki aliacha shamba la Mbezi, na wazee wakaja kutugawia kama sheria yetu inavyotaka, mimi mafungu mawili, Tatu fungu moja. Siku ile wazee hawakupima ardhi. Walihesabu minazi. Ndivyo tulivyozoea sisi watu wa pwani. Ukisema shamba la fulani una maana minazi ya fulani, na ardhi ni pale tu minazi iliposimama. Mtu aweza kuwa na minazi juu ya ardhi isiyo yake, na hakuna anayeona ajabu. Hatukujua kwamba iko siku mtu atauliza habari ya kilicho chini.

Minazi mizuri ilikuwa upande wa kijito, kwenye udongo laini. Upande wa pwani kulikuwa na mwamba, na minazi yake ilikuwa myembamba, imepinda, nazi zake kama ngumi ya mtoto. Wazee wakauliza nani achukue wapi. Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema, "Tatu apewe huko pwani, kuna kisima karibu." Kisima kilikuwa na maji ya chumvi, na kila mtu pale alijua, Tatu mwenyewe akiwa wa kwanza. Akasema, "Ahsante, kaka." Wazee wakasoma fatiha, tukala, kila mtu akaenda kwake.

Vita vya Wazungu vikaisha, mji ukaanza kukua. Wakaja watu wa kujenga nyumba za mawe huku Kinondoni na kwingineko, wanatafuta mawe na chokaa. Mkandarasi mmoja akaleta lori lake Mbezi, akashuka, akagonga chini kwa nyundo. Hakugonga kwenye udongo wangu laini. Aligonga chini ya ile minazi iliyopinda, akasema mwamba ule ni mzuri, unakatika vizuri, na ukiuchoma unatoa chokaa nyeupe. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilijiona nimedhulumiwa, mimi niliyechagua.

Basi nikatafuta hoja, na hoja haikosekani ukiitafuta kwa hasira. Nikasema Tatu alirithi minazi, hakurithi mawe. Mawe hayakugawiwa siku ile, kwa hiyo bado ni mali ya marehemu, na katika mali ya marehemu mimi nina mafungu mawili. Tatu alisema maneno machache tu, kwamba mwenye mnazi ndiye mwenye pale uliposimama, na ndivyo wazee walivyokusudia. Tukaenda kwa Liwali.

Liwali alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Kondo, siku ya kugawa uliyataka hayo mawe?"

Nikasema, "Siku ile hayakuwa na kazi, bwana."

Akasema, "Uliyakataa hayana kazi, unayataka yana kazi."

Watu wakacheka, na mimi nikakata rufaa siku ile ile. Laiti nisingekata. Lakini niliambiwa kweli mbele za watu, na sikuwa na pa kuweka uso wangu isipokuwa kwenye rufaa.

Sasa sikiliza balaa lililofuata. Kule juu, Bwana Mkubwa akaona kwamba hoja yangu ina maana, kwamba mti ni mti na ardhi ni ardhi, akarudisha kesi isikilizwe upya. Na mpaka itakapokwisha, akaamuru, mtu yeyote asiguse jiwe. Nilirudi nyumbani nimeshinda. Mkandarasi alingoja kidogo akaenda Kunduchi, akapata mwamba mwingine kwa mtu mwingine asiye na kaka. Nyumba zikajengwa, barabara zikatiwa kokoto, na mawe yetu yako pale pale yanangoja hukumu.

Wakati huo nilikuwa sishauriki. Mtu mmoja kahawani alinishauri nipande minazi yangu mwenyewe juu ya mwamba ule, kwa kuwa aliyepanda ana haki. Nikachukua vibarua wawili na mtaimbo, tukachimba mashimo kwenye mawe siku nzima, nikapanda miche. Nani hupanda mnazi juu ya jiwe? Mimi, mtoto wa mkulima wa minazi. Tatu alipokuja kwenye kesi alipita Mbezi kuzuru kaburi la babu yako, akaiona miche inakauka. Jioni nilimsikia hapa hapa akimgombeza mlinzi wa shamba aliyemsindikiza. "Kwa nini humwagilii ile miche?" Mlinzi akasema, "Bibi, ile ni ya mzee Kondo, kaipanda kwa ajili ya kesi." Tatu akasema, "Mche haujui kesi. Kesho umwagilie." Ilikufa yote, si kwa kosa la mlinzi.

Kisha nikaenda kwa Mzungu wa idara ya madini, nikitaraji ataniambia vilivyo ardhini si vya Tatu. Aliniambia madini ni ya Serikali, awe nani mwenye shamba. Halafu akasema mawe ya kujengea sheria haiyahesabu kuwa madini, kwa hiyo nikaendelee tu kugombana na dada yangu, naye akanyanyuka kwenda kula chakula chake cha mchana. Nilitoka pale nikiwa sijui nimshukuru au nimtukane. Karibu nimpe Mfalme wa Uingereza urithi wa baba yangu ili tu asiupate Tatu. Hapo mtu mwenye akili angejishtukia.

Nafika sasa kwenye jambo lako.

Mara ya mwisho alipokuja hapa, shangazi yako alikuwa jikoni amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, wewe unachambua mchele. Mkazungumza. Baada ya kuondoka, siku moja unanipa chai ukacheka, ukaniambia, "Shangazi anasema mawe yenyewe hata anayataka ya nini." Uliniambia kama mtoto anavyomwambia baba yake habari za nyumbani. Hilo si kosa, na nakuandikia hili waziwazi kwa sababu najua tangu leo mchana unajilaumu. Kosa ni la huyu aliyeiacha chai ile ikapoa, akapanda baiskeli mpaka mjini kwa wakili.

Mtu aliyelala kwako, akala kwako, akazungumza jikoni kwako na binti yako, maneno yake ni amana. Sikuhitaji kufundishwa hilo, nililelewa nalo. Dada yangu alilala chini ya paa langu kwa sababu hakuwaza hata mara moja kwamba kuna masikio ya mahakama humu ndani. Nami niliyachukua maneno yake nikayapeleka mjini kama mtu anayepeleka kuku sokoni.

Wakili alifurahi sana. Akasema huko ni kukiri, mdaiwa ameyakana mawe kwa kinywa chake, na shahidi yupo. Ndiyo maana leo Elia alikuja na baiskeli yake, safari yako ikataka kuahirishwa mpaka Jumatatu ipite.

Simlaumu sana Elia. Ni kijana wa bara, mpole, anafanya kazi aliyoajiriwa. Alikuamkia vizuri, akakwambia, "Sema kama alivyosema, dada, neno kwa neno." Na wewe ukasema neno kwa neno. Ukasema shangazi alisema hivi: "Mawe yenyewe mie nayataka ya nini, mwanangu? Kaka angenambia tu, Tatu nipe, ningempa. Hajanambia."

Elia akanyanyua kalamu. "Ukifika kwenye 'nayataka ya nini', nyamaza."

"Lakini alisema na hilo jingine."

"Ni kweli alisema. Ila hilo jingine halitusaidii."

Ukaniangalia mimi. Nami nikaangalia kikombe changu. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, Zuhura. Ulikuwa unaniuliza kitu pale na sikukujibu, na Elia alipoondoka ukaingia ndani hukuniaga. Umefanya vizuri kutoniaga.

Ile nusu ya pili nilikuwa sijaisikia. Siku ile ya chai hukunimalizia, au mimi nilinyanyuka mapema. Nimekaa nayo tangu alasiri. Nimejaribu kukumbuka kama niliwahi kumwambia. Nimekumbuka wazee niliowatuma, Liwali, mwandishi wa barua za Serikali, mawakili wawili, mpima ardhi, na yule Mzungu wa madini. Wote hao nilizungumza nao habari ya mawe ya Tatu. Tatu mwenyewe nilikuwa nakula naye pilau. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi kuinama mbele ya mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, nilikataa, nikaita watu waje wanyanyue kitanda.

Na ubaya ni kwamba mwanzoni ingekuwa rahisi. Lori lilipokuja siku ya kwanza ningemwandikia, "Tatu, nilikupa upande mbaya, sasa umekuwa mzuri, na mimi nina watoto, nipe." Ningekuwa nimekiri habari ya kisima, na hicho ndicho kilichonishinda. Kadiri siku zilivyopita ndivyo maneno yale mawili yalivyozidi kuwa mazito, mpaka ikawa rahisi kulipa wakili kuliko kuyatamka. Kule uendako utataka vitu kwa watu, kwa sista mkuu, kwa wenzako, na inshallah siku moja kwa mume. Omba mapema, kingali kitu kidogo. Ukinyimwa utakuwa umenyimwa tu, hujafa. Sijui kama huu ni usia. Ni hasira yangu tu nimeigeuza.

Sasa la Jumatatu, siku ya shahidi wangu tu, ambayo Tatu hakuitwa. Nitakwenda, nitasimama, nitasema sina shahidi na sina neno, kesi yangu naiondoa. Wakili atanikasirikia. Elia atanifuata nje na baiskeli kuniambia tulikuwa tumekaribia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, yeye akachukua kalamu, basi na alime na kalamu yake kwingine.

Usidhani moyo wangu umetakata. Sitaki kukudanganya siku ya mwisho. Nusu yangu bado inaona sheria ilikuwa upande wangu, na nikifumba macho naiona nyumba hii imeezekwa bati kwa fedha za mawe yale. Nimekasirika kwamba nashindwa wakati ningeshinda. Lakini nikishinda kwa nusu ya maneno ya dada yangu, na nusu hiyo imetoka kinywani mwako, wewe utaingiaje kwake Tanga? Angekupokea, hilo ndilo linaloniudhi. Angekutandikia kitanda na kukuuliza kama umekula. Na wewe ungekaa pale miaka yote ya masomo yako unakula chakula chake ukiwa na neno kooni. Nimekula hivyo mimi. Najua kinavyopita.

Mkiwa wawili, akikuuliza habari ya kesi, mwambie imekwisha. Asipouliza, nyamaza, mahakama itampelekea karatasi yake. Msaidie kazi za jikoni na zungumzeni mtakalo. Nikifa, wewe na wadogo zako mnajua kwamba mwamba wa Mbezi ni wa Tatu, na baada yake wa wanawe. Asitokee mtu akawaambia baba yenu alikuwa na haki pale. Nimeyaandika hapa kwa mkono wangu, na mama yako kanisikia nikiyasema.

Jambo moja limebaki, halafu ulale. Jioni hii nilianza kumwandikia shangazi yako barua uende nayo. Nilitaka niandike yale maneno mawili, yasiyohusu tena kesi, ili tu yawe yametamkwa kabla hatujafa. Niliandika, "Tatu, nipe." Nikayatazama, nikaichana karatasi. Hutakwenda na barua yoyote, Zuhura. Nikimwomba sasa, atanipa.

Nenda salama, mwanangu.

Ni mimi baba yako,
Kondo